Kiti cha Kushoto

Basi la kutoka Songea kwenda Mbinga lilisimama Kitai saa nne asubuhi, na abiria wakateremka kununua ndizi na mahindi ya kuchoma. Mmoja wao alikuwa Vitalia Hyera, msichana wa miaka ishirini na minane, aliyevaa gauni la kitenge la rangi ya kahawia lenye maua ya njano na raba nyeupe zilizopauka kwa vumbi. Hakununua kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye Rav4 ya kijivu iliyoegeshwa mbele ya duka la pembejeo, milango wazi, muziki unalia. Akaizunguka taratibu, kichwa ameinamisha upande, kama mtu anayesikiliza mtoto anayelia chumba cha pili.

Mwenye gari alitoka dukani akamkuta hapo. Aliitwa Egidi Ndunguru, bwana shamba wa ushirika wa kahawa, kijana mrefu wa shati lililopigwa pasi vizuri. Alimuuliza kama kuna tatizo.

"Spika ya mlango wa kushoto nyaya zake zimegeuzwa, kaka," Vitalia alisema.

"Umejuaje, na hujaifungua?"

"Mwimbaji wako hana pa kukaa. Yuko kila mahali."

Egidi alicheka, lakini dada yule hakuwa akitania. Dereva wa basi alianza kupiga honi. Vitalia alimwambia kwamba yeye ni fundi wa redio za magari, ana kibanda nyuma ya soko la Mbinga, kisha akakimbilia basi. Egidi alibaki amesimama na mfuko wa mbolea mkononi. Gari hilo alikuwa nalo miaka mitatu, mafundi wanne walishaligusa, na hakuna aliyewahi kumwambia jambo kama lile.

Keshokutwa yake alikuwa kibandani. Vitalia, sasa ndani ya ovaroli ya bluu na nywele kazifunga kwa kilemba, alifungua mlango wa kushoto na kumwonyesha nyaya mbili. Zilikuwa zimegeuzwa kweli. Alizirudisha, akabandika kitambaa kizito ndani ya bati la mlango ili lisitetemeke, akawasha redio. Egidi aliinamia mlango. Ngoma ile ile aliyoizoea ilikuwa imepata kifua. Alimtazama Vitalia akipangusa mikono, akaona haya kuonekana jinsi alivyokuwa akimtazama.

Ndipo akauliza kuhusu prosesa. Alishasikia kwamba kuna kifaa kidogo kinachopanga sauti kabla haijafika kwenye spika. Je, aongeze? Fundi mwingine angesema ndiyo papo hapo. Vitalia alivuta kigoda akakaa.

"Kifaa hiki si cha kuongeza kelele," alisema. "Ukikaa garini, spika iliyo karibu sauti yake inakufikia kwanza, ya mbali inachelewa. Prosesa inaizuia ya karibu kidogo, kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, zikufikie pamoja. Hapo utamwona mwimbaji mbele yako. Ila hii ninayoweza kukupatia inapangwa kwa kiti kimoja tu. Wa kiti kingine hapati raha hiyo."

Akamwambia aende akasikilize wiki mbili kwanza. Akiona inatosha, asiweke kitu; barabara za vijijini zina vumbi na mashimo, na kifaa hicho kinataka kutunzwa.

Wiki mbili hizo simu hazikukatika. Egidi alipiga kutoka Mbuji alikokwenda kukagua miche, akapiga kutoka Mapera, akapiga hata akiwa mtaa wa pili na kibanda. Alimwita Vitalia Daktari. Yeye aliitwa Mgonjwa, na kila jioni aliulizwa hali.

"Mgonjwa wangu umeshindaje?"

"Sauti ya chini imetulia, Daktari. Moyo ndio unadunda ovyo."

"Moyo hatufungui hapa. Nenda hospitali ya Peramiho."

Lakini aliposema hivyo Vitalia alikuwa amekaa kitandani kwake akitabasamu peke yake, na Egidi alikuwa amesimamisha gari kando ya barabara kwa sababu hakuweza kuendesha na kucheka pamoja. Siku moja alimletea parachichi sita kwenye gazeti. Siku nyingine Vitalia alimshonea kifungo cha shati kwa uzi wa rangi isiyofanana, naye akaenda nalo kazini wiki nzima.

Wiki mbili zilipokwisha, Egidi alisema ameamua: aweke. Vitalia aliagiza kifaa, kikaja, akakifunga chini ya kiti kwenye kisanduku alichokitengeneza mwenyewe kuzuia vumbi. Alifungua kompyuta yake, akashika maikrofoni ya kupimia, akauliza apange kwa kiti kipi. Aliuliza kwa kutimiza wajibu tu, akijua jibu litakuwa cha dereva.

"Cha kushoto," Egidi alisema.

"Nani anakaa hapo?"

Egidi aliangalia pembeni. "Kuna mtu," alijibu.

Vitalia akaiona kanga iliyokunjwa vizuri juu ya kiti kile. Alikuwa ameiona mara nyingi bila kuiona. Akaiweka maikrofoni chini.

"Basi mlete," alisema kwa sauti ya kikazi. "Lazima nipime kichwa chake kinapofika."

Tangu siku ile, Mgonjwa aligeuka Bwana Ndunguru. Simu za jioni hazikupokelewa. Ujumbe ulijibiwa kwa neno moja. Egidi hakuelewa amekosa nini, na aibu iliyomfunga mdomo mara ya kwanza iliendelea kumfunga. Angemwelezaje msichana kama yule kwamba mwanaume wa miaka thelathini na mbili ametengeneza gari zima kwa ajili ya mama yake? Aliogopa kuchekwa.

Jumamosi alimleta huyo mtu. Vitalia alikuwa amejiandaa: ovaroli aliiacha nyumbani, alivaa gauni la kijani la kubana kiuno na hereni za shanga, kwamba kama ni kushindwa, ashindwe amependeza. Mlango wa kushoto ukafunguka polepole. Akateremka bibi mwembamba wa kilemba cheupe, rozari shingoni, akaichukua kanga yake na kujifunika mabega.

Vitalia alisahau maneno yote aliyoyapanga. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe fundi? Egidi haongei kingine nyumbani."

Bi Gertruda, mama yake Egidi, alikuwa mjane kwa miaka sita. Marehemu mumewe, mzee Steven, alikuwa mwalimu wa kwaya parokiani Mapera, na katika maisha yake sauti yake ilirekodiwa mara moja tu, ubeti mmoja wa wimbo wa Pasaka, kwa simu ya mtu. Egidi alieleza hayo macho yakiwa chini. Alieleza kwamba mama alijaribu kuusikiliza garini mara mbili, akaomba uzimwe, kwa sababu sauti ya mumewe ilikuwa imezama kwenye mvumo na yeye hakuweza kumpata.

Vitalia alimkalisha mama, akaweka maikrofoni usawa wa masikio yake, akapima, akapanga, akaondoa mvumo, akapima tena. Kazi ya saa moja aliifanya kwa saa tatu. Kisha akafunga vioo na kuuwasha ubeti ule.

Kwanza ilisikika pumzi. Mtu alivuta hewa, karibu kabisa, kabla ya kuanza. Halafu mzee Steven akaimba, na hakuimbia mlangoni wala miguuni. Aliimba kwenye kioo cha mbele, mahali pamoja, kifua kimenyooka. Vitalia aliyekuwa kiti cha nyuma alisikia nusu tu ya hayo. Kazi hii alikuwa ameifanya miaka sita na hakujua kwamba inaweza kufanya hivi.

Bi Gertruda aliinua mkono, akauelekeza kwenye kioo bila kukigusa.

"Amesimama pale," alisema.

Hakulia. Aliomba arudishiwe, akarudishiwa, na mara ya tatu akaanza kuimba naye sauti ya pili, chini chini. Egidi alitoka nje akasimama kuegemea ukuta wa kibanda. Vitalia alimfuata. Walisimama bega kwa bega mpaka mkono mmoja ukaupata mwingine.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wawili hao waliteremka Mbamba Bay. Redio waliizima. Kwenye kona za mwisho milima ilifunguka, na Ziwa Nyasa likatokea lote kwa mara moja, la bluu mpaka lilipokutana na milima ya Malawi iliyofifia kama moshi. Egidi alisimamisha gari. Alikuwa amepita hapo mara nyingi, lakini Vitalia alipovuta pumzi, naye aliliona upya.

Ufukweni walikula usipa, dagaa wa ziwa hilo, wa kukaanga na ugali wa muhogo. Vitalia alikiri kwamba siku nne alimchukia mama yake Egidi kabla hajamjua. Egidi alicheka mpaka akapaliwa, kisha akaacha kucheka.

"Vitalia, nataka uwe mke wangu. Sijui kulisema kwa namna nyingine."

Yeye aliangalia maji. Alivua raba, akaingia ziwani mpaka kwenye vifundo, akatoa simu na kumpigia mama yake mwenyewe huko Kitai.

"Mama, Jumamosi pikeni, tutakuwa na wageni." Akasikiliza. "Hapana mama, hawaji kwa ajili ya redio. Mwambie baba asiende shamba."