Gurudumu la Upande wa Bonde

Mlima uliporomoka nyuma yao kwa kishindo kilichotikisa viti. Fundi cherehani alitazama kwenye kioo akaona kona waliyotoka kuipita haipo tena. Pale palikuwa na tope, mawe na mti uliolala mizizi juu. Akakanyaga mafuta. Gari likajikokota, likavuta kulia, upande wa bonde, huku usukani ukimshinda nguvu. Alipokanyaga breki, pedali ilizama kama mguu kwenye godoro. Harufu ya kuungua ikajaa ndani.

"Breki ya mkono," alisema baba mkwe wake. "Ivute yote. Kisha zima."

Akavuta. Gari likasimama, pua ikielekea chini kwenye mteremko.

Walikuwa wawili tu, yeye na huyo baba wa mumewe, dereva mstaafu wa malori ambaye wenzake walimwita Taratibu. Walikuwa wanavuka mlima kwenda kwa mumewe, aliyefanya kazi kwenye machimbo ya chumvi kule tambarare. Nyonga ya mzee ilikuwa mbovu, ndiyo maana mkwe ndiye aliyeendesha. Tangu watoke nyumbani walikuwa wamepeana maneno ya adabu tu. Alipomwambia kwamba breki inalia, mzee alimjibu kuwa breki ikilia ujue ipo.

Kushoto kwao ukuta wa mwamba ulikuwa karibu kiasi cha kuugusa kwa mkono. Kulia, nje ya mlango wake, palikuwa na kipande cha ardhi cha kutosha kuweka miguu, kisha hewa tupu hadi chini kabisa, ambako mto uliofurika ulikuwa ukiunguruma. Simu haikushika mtandao. Nyuma yao vijiwe viliendelea kudondoka, kimoja kimoja, kama mtu anayegonga mlango bila haraka.

Mzee alishuka, akazunguka kwa kushikilia boneti, akainama kulitazama gurudumu la mbele la kulia, lililokuwa likifuka moshi. Jiwe likaanguka karibu. Akashtuka, akateleza kwenye tope, na katika kujishika akaukamata mduara wa chuma wa gurudumu kwa viganja vyote viwili.

Hakupiga kelele. Alikaa chini tu, akaitazama mikono yake.

Fundi cherehani alichukua chupa yao ya maji, ile moja tu. Aliyamimina kwenye viganja vya mzee polepole, ngozi ikaanza kuinuka malengelenge.

"Inatosha," mzee alisema. "Tutakunywa nini?"

"Tulia, baba."

Akamimina mpaka ikabaki robo. Akaifunga mikono kwa vitambaa safi kutoka kwenye mfuko wake wa vipande vya nguo na vifaa vya kushonea. Kisha akaielekeza chupa kwenye gurudumu.

"Usithubutu," mzee alisema. "Chuma cha moto ukikimwagia maji kinapasuka. Kiache kipoe."

Wakangoja. Jua lilitoka, mvuke ukapanda kutoka kwenye tope. Kifusi kikasogea tena, safari hii kwa mkoromo mrefu, na udongo ukateleza hadi nyuma ya bampa.

"Nenda kwa miguu," mzee alisema. "Barabara inashuka moja kwa moja hadi machimboni. Mimi kwa nyonga hii sifiki popote. Ukikuta watu, rudi nao."

Alilifikiria. Angesema hakulifikiria, angekuwa anadanganya. Alitazama barabara inavyopinda chini ya mwamba uliolowa, akatazama tope nyuma ya bampa, akajua kwamba yeyote atakayerudi hapa atakuja kumfukua mzee.

"Gurudumu hili linafunguliwaje?" aliuliza.

"Wewe?"

"Mikono mingine iko wapi, baba?"

"Weka mawe mbele ya magurudumu mengine yote. Makubwa. Jeki iwekee jiwe bapa chini, isizame. Na nati zilegeze kabla hujanyanyua."

Alifanya kazi akiwa amechuchumaa, visigino vyake vikining'inia nje ya ukingo. Kila alipovuta spana, changarawe ilimponyoka chini ya viatu na hakusikia ilipoangukia. Gurudumu likatoka. Nyuma yake kulikuwa na diski, sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, iliyogeuka rangi ya samawati kwa moto, na juu yake kalipa, lile koleo la chuma linaloibana diski ili gari lisimame. Lilikuwa limevimba kutu na tope kavu.

"Linatakiwa liteleze kwenye pini zake mbili," mzee alisema kutoka upande wa pili wa boneti. "Likiganda, halibani wala haliachii inavyotakiwa. Fungua boliti za nyuma. Usiliache lining'inie kwa mpira wake wa mafuta ya breki. Ule ukikatika, tumekwisha."

Akalifunga kwa utepe wa kushonea kwenye springi. Pini ya kwanza ilitoka kwa kuizungusha. Ya pili ilikataa. Aliizungusha kushoto, kulia, kushoto tena, hadi damu ikamtoka kwenye vifundo.

"Usiivunje."

"Siivunji."

"Pumzika."

"Baba, tafadhali."

Ikatoka kwa mlio kama wa msumari kwenye ubao mbichi, ikiwa nyekundu tupu kwa kutu. Aliisugua kwa kitambaa kikavu, akayasafisha matundu kwa kile kiburashi cha kutolea vumbi kwenye cherehani, akatoa kichupa cha mafuta ya mashine.

"Hayo hapana," mzee alisema. "Yatavimbisha mipira ya pini, turudi palepale. Tumia mafuta ya breki. Yapo kidogo kwenye buti. Yasikuingie machoni."

Akalowesha pini, zikaingia na kutoka laini. Ilibaki pistoni, ile inayosukuma pedi, kibao kinachosugua diski. Aliipangusa pembeni, akaweka pedi iliyolika mbele yake na kuikandamiza kwa bisibisi, kidogo kidogo, huku mzee akimhimiza kwa jina lake mwenyewe, taratibu, taratibu. Haikwenda. Jiwe la ukubwa wa kichwa likapiga paa la gari. Alijibana kwenye diski, akavuta pumzi, akakandamiza tena. Pistoni ikarudi ndani.

Alirudisha kila kitu. Alipokuwa akikaza nati ya mwisho, tope lilikuwa limeshafika kwenye matairi ya nyuma.

Mzee akaingia garini. Fundi cherehani akaondoa mawe kwanza, akiyasukumia bondeni, kisha akakaa kwenye usukani na kukanyaga breki. Pedali ikaenda hadi chini, bila kitu.

Mkono wake ukaenda kwenye mlango.

"Ni kawaida," mzee alisema, lakini sauti yake ilikuwa nyembamba. "Pistoni uliirudisha nyuma. Kanyaga tena. Tena."

Akakanyaga. Chini. Chini. Kisha kitu kikapinga. Halafu ikasimama juu, ngumu.

"Washa. Gia ya kwanza. Breki ya mkono iachie polepole."

Gari likateremka. Halikuvuta kulia. Hawakuwa wamemaliza kona waliposikia mlima ukishuka mahali walipokuwa, wote kwa pamoja, na upepo wake ukapiga kioo cha nyuma. Hakuna aliyegeuka. Kona baada ya kona alikanyaga na kuachia, akanusa, akasikiliza. Walipopata uwazi wa kutosha, alisimama akamshikia mzee chupa akanywa, kisha akanywa yaliyobaki.

Jua lilikuwa bado juu walipofika kwenye geti la machimbo, gari zima likiwa rangi ya udongo. Mumewe alikuja mbio, akaona mikono ya baba yake, akaona ya mkewe.

"Shukeni, mpumzike. Gari ataliangalia fundi kesho."

Mkewe alikuwa ameshaitoa jeki kwenye buti. Alikuwa amepiga magoti kwenye chumvi, upande wa kushoto, akilegeza nati.

"Mpeleke baba apate dawa," alisema. "Na niletee maji."

"Unafanya nini?"

"Kalipa la huku sijaliona."

Mumewe akamgeukia baba yake ili amkataze. Mzee Taratibu alijishusha polepole, licha ya nyonga yake, akakaa chini kando ya gurudumu.

"Dawa ileteni hapahapa," alisema.