Waya wa Betri

Jerusa alirudi kutoka chakula cha mchana akakuta taa za ofisi zimezimika. Alipofika mlangoni mwa chumba cha kompyuta zikawaka tena, na mashine ikapiga kelele kama msumeno unaokata bati. Alikimbia akaizima, akafungua kifuniko. Diski, ile sahani nene iliyohifadhi majibu ya damu ya wapuliza dawa ya magugu, ilikuwa na mkwaruzo uliouzunguka uso wake wote.

Ilikuwa Ijumaa ya mvua, Mei 1977, kwenye shamba la chai la Tebeswet, kati ya Kapsoit na mji wa Kericho. Jumatatu majibu hayo yangesomwa mahakamani, katika kesi ya wajane wa wapuliza dawa waliofariki.

Inspekta Bethwel Chepyegon alifika alasiri, koti likichuruzika maji. Mezani alikuta diski mbili, si moja.

"Hii ya pili ni nini?"

"Ni nakala, afande," Jerusa alisema. Yeye ndiye aliyeendesha kompyuta. "Nayo imeharibika."

"Nani aliiharibu?"

Jerusa alitazama sakafu. "Ni mimi. Niliiweka kwenye mashine ile ile, nione kama inasoma."

"Na karatasi za daktari mwenyewe?"

"Tulizichoma mwaka jana. Stoo ilijaa, tukaambiwa diski inatosha. Daktari alisharudi kwao Uingereza. Wakili wa wajane amemwandikia, hajajibu."

Meneja wa shamba alikuwa amesimama dirishani. "Amekiri, Inspekta. Mchukue twende nyumbani."

Haraka hiyo haikumpendeza Chepyegon. Kampuni ndiyo iliyoshtakiwa. Nani mwingine angefurahia diski kufa? Lakini mchana ule Chepyegon mwenyewe alikuwa amemwona meneja kwenye ngazi za mahakama mjini, akizungumza na wakili wake. Hangeweza kuwa mahali pawili.

Kwenye baraza aliketi Nyatichi, mjane wa Mogaka, mmoja wa wapuliza dawa waliofariki. Kando yake alikuwa Ratemo, shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa stima wa shamba na mwakilishi wa wafanyakazi. Tangu Mogaka azikwe, Ratemo ndiye aliyemsindikiza kwa wakili, akawanunulia watoto wake viatu, akamshikia mwavuli kama leo.

"Fundi, nini kimetokea humo ndani?"

"Ni stima, afande. Kichwa cha kusomea kinaelea juu ya diski bila kuigusa. Stima ikikatika, kinaangukia diski na kuikwaruza. Ndivyo hizi mashine zilivyo. Mvua imetumaliza."

Nyatichi alikuwa akikunja na kukunjua leso yake.

Chepyegon alivuka uwanja hadi kwa Onyancha, mlinzi wa lango.

"Stima ilikatika saa ngapi hapa?"

"Ikatike wapi? Kiwanda hakijasimama leo. Hizo feni za kunyausha majani zimenguruma mchana wote, hata redio yangu sikuisikia."

Kwa hiyo si mvua. Mtu alizima swichi ya ofisi tu, na swichi hiyo ilikuwa ukutani barazani, mahali ambapo yeyote angeifikia. Chepyegon alirudi kwa Jerusa, akafunga mlango.

"Stima hupotea hapa mara nyingi?"

"Msimu wa mvua ni kila wiki."

"Na diski ikakwaruzwa?"

"Haijawahi. Kuna betri nyuma. Stima ikipotea, betri inavuta kichwa pembeni kabla hakijaanguka."

"Nani hutunza betri hiyo?"

Jerusa alitazama upande wa baraza, kisha akatazama mikono yake.

Walifungua kifuniko cha nyuma. Betri ilikuwepo, Chepyegon aliigusisha balbu ya tochi, ikawaka. Ila waya wake ulikuwa umefunguliwa, ncha yake ikazungushiwa tepu nyeusi kwa unadhifu. Mwenye haraka angeukata. Huyu alihakikisha hautamchoma mtu.

"Jerusa, nani alikwambia uweke nakala kwenye mashine iliyovunjika?"

Machozi yalimtoka. "Alikuja mbio, akasema weka ile nyingine tujaribu. Yeye ndiye alinifundisha hii mashine, afande. Nilimwamini. Kichwa kilikuwa kimeshavunjika, kikaikwaruza na hiyo."

"Mbona ulinyamaza?"

"Yule mama ako pale nje na yeye. Ningesemaje?"

Chepyegon aliwaita wote ndani.

"Fundi, uliniambia stima ikikatika diski huharibika. Lakini wewe mwenyewe ndiye unayetunza betri inayozuia hilo. Leo uliufungua waya wake, ukazima swichi, ukaiwasha tena. Ilipobaki nakala, ukamtuma huyu dada aimalize kwa mkono wake."

Meneja aliondoka dirishani, akasogea karibu. Ratemo alikuwa bado ameshika mwavuli.

"Kampuni imekupa nini?"

"Hakuna. Sijatumwa na mtu." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Daktari aliniletea majibu Aprili mwaka jana, kama mwakilishi wao. Alisema damu yao ina sumu, watolewe kwa dawa siku hiyo hiyo. Iko kwa diski kwamba niliambiwa mimi, na jina langu. Lakini anayetolewa kwa dawa anafutwa kazi, na nyumba ya kampuni inachukuliwa. Nilifikiri watavumilia hadi mvua iishe, nitafute njia. Nikanyamaza. Wakaanza kufa."

Nyatichi alisimama. "Mogaka alijua?"

"Hakujua. Aliniuliza mbona mikono yake inatetemeka." Ratemo alishindwa kumtazama. "Nikamwambia ni baridi."

Nyatichi alitoka nje. Mwavuli alimwachia Ratemo.

Ratemo alikubali kutoa ushahidi wa yote aliyoambiwa na daktari. Jumatatu mahakamani, wakili wa kampuni alimuuliza swali moja tu: nani aliharibu diski? Hakimu alisema hawezi kuamini neno la mtu wa aina hiyo, na majibu yenyewe hayapo. Kesi ikatupwa. Ratemo alifungwa, Jerusa akafutwa kazi, na wajane wakapewa notisi ya kuhama.

Chepyegon alimkuta Nyatichi barabarani na godoro kichwani, watoto wakimfuata na sufuria. Aliwapakia kwenye Land Rover hadi kituo cha basi la Kisii. Alipomshushia godoro, mama huyo hakuondoka mara moja.

"Inspekta, kama ungeacha tu ikawa ni stima," alisema, "kesi ningeshindwa vile vile. Lakini watoto wangekuwa bado na baba mdogo."

Chepyegon aligeuka kushusha sufuria. Utingo alikuwa ameshaanza kupandisha godoro juu ya basi.