Sura ya Moyo Iliyogeuka Kijani

Kila akitoka shule, Yadira alitupa mkoba wake kwenye kochi, akanawa mikono, kisha akaanza kumpa mama yake wagonjwa. Wagonjwa wenyewe walikuwa wa kwenye kadi za maswali tu. Mama, aliyeitwa Maricruz, alisimama jikoni akigeuza tortila, chapati za mahindi, kwa vidole, bado amevaa sare ya kituo cha wazee alikofanya kazi. Yadira, msichana wa miaka kumi na miwili, alikaa mezani akajifanya profesa.

“Mgonjwa ana kisukari. Anatetemeka, jasho linamtoka, lakini anaongea. Unaanza na nini?”

“Nampima sukari haraka, nampa juisi.”

“Na akiwa amezimia?”

“Simpi kitu mdomoni, atapaliwa.”

“Nesi huyo!” alidakia Bibi Chelo, mama yake Maricruz, kutoka kwenye kiti chake cha dirishani.

Hakuwa nesi bado, jamani. Maricruz alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo cha uuguzi, na chuo hakingemruhusu kwenda kufanya mtihani wa leseni mpaka afaulu mtihani wao wa kumaliza. Mwezi wa kumi aliufanya, akafeli. Alibakiwa na nafasi moja tu, mwanzoni mwa Desemba. Akifeli tena, anarudia muhula mzima. Akifaulu, kuna sherehe ya pini, ambapo kila mhitimu huchagua mtu wa kumbandika pini ya uuguzi kifuani. Mama alikuwa ameshamchagua Yadira.

Kilichomtesa Mama ni somo la moyo. Chuo kiliwapa wanafunzi programu ya mazoezi kwenye kompyuta. Sura uliyoielewa iligeuka kijani na haikukusumbua tena. Usiyoielewa ilibaki nyekundu, na maswali yake yalikurudia mpaka uyachukie. Sura zote za Mama zilikuwa kijani isipokuwa ya dawa za moyo.

Alasiri moja Yadira alimkuta Mama ameinamia meza, macho mekundu.

“Wenzangu wana akili, mwanangu,” alisema. “Mimi nina nguvu za kuinua wazee tu.”

Maneno yale yalimchoma Yadira. Kesho yake, Mama akiwa kazini, aliifungua kompyuta. Programu ile ilikuwa na tabia ya kukuonyesha jibu sahihi kila ukikosea. Basi Yadira akajibu, akakosa, akashika jibu, akarudia tena na tena, mpaka sura ya moyo ikageuka kijani. Aliifunga kompyuta akijisikia mtu mwema sana.

Mama alipoiona alipiga ukelele. Alimshika Bibi Chelo mikono wakacheza muziki wa cumbia hapo hapo jikoni, nusura wamwage sufuria ya maharage.

“Kichwa kimefunguka! Jamani, kimefunguka!”

Yadira alicheka nao, huku akiyakwepa macho ya Mama. Angemwambiaje sasa? Alijisemea atamwambia kesho, na kesho ilipofika Mama alikuwa akiimba bafuni. Programu nayo, ikiamini Mama anajua, haikumletea tena hata swali moja la moyo.

Jumapili kabla ya mtihani walikuwa wakitengeneza tamale za Krismasi, unga wa mahindi unaofungwa kwenye maganda na kupikwa kwa mvuke. Meza yote ilijaa maganda ya mahindi yaliyolowekwa, na kila mtu alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Yadira alichukua kadi kwa ncha za vidole.

“Mzee anatumia digoksini, dawa ya moyo. Mapigo yake ni hamsini kwa dakika. Unafanya nini?”

“Nampa dawa yake, halafu naandika,” Mama alijibu bila wasiwasi.

Yadira aligeuza kadi. Iliandikwa: usimpe, mwite daktari.

“Digoksini? Si ndiyo hii ninayomeza mimi?” Bibi Chelo aliuliza. “Ee Mungu wangu, nikilazwa nipatie nesi mwingine!”

Mama alicheka. “Acha kunitisha, Mama. Programu yenyewe imesema moyo nimeumaliza. Labda kadi imekosewa.”

Yadira hakucheka. Aliutazama mkono wa Bibi, mwembamba, umejaa unga, akaiweka kadi mezani.

“Kadi haijakosewa, Mama. Ni mimi.” Akaeleza yote, machozi yakimtiririka.

Mama aliweka kijiko chini. “Siku ile nilipocheza, ulikuwa unajua?”

“Ndiyo.”

“Ukaniacha nicheze.”

“Maricruz, mtoto amekosea kwa mapenzi,” Bibi aliingilia.

“Mapenzi gani haya? Mtihani ni Ijumaa!”

Alinawa mikono, akasimama akiwapa mgongo. Alipogeuka, sauti ilikuwa imeshuka.

“Na mimi nina kosa langu. Sura nzima igeuke kijani nikiwa kazini? Nilishangaa, lakini sikutaka kuuliza. Nilitaka sana iwe kweli. Lete kompyuta.”

Alibonyeza pa kuanza upya. Sura ya moyo ikarudi nyekundu. “Nikikosea, usinionee huruma. Umesikia?”

“Nimesikia, Mama.”

Wiki ile Bibi Chelo ndiye aliyekuwa mgonjwa wao. Kila asubuhi, kabla ya kumpa kidonge, Mama alimshika mkono, akahesabu mapigo, akaeleza kwa sauti: dawa hii hupunguza kasi ya moyo, kwa hiyo moyo ukiwa tayari unakwenda polepole mno, ukiongeza dawa unaweza kumuua mtu. Jambo lililogoma kuingia kichwani kupitia skrini liliingia kupitia mkono ule alioupenda. Yadira naye hakuwa na huruma hata kidogo.

“Umekosa, Mama. Tena.”

“Mtoto mkatili wewe! Haya, tena.”

Ijumaa Yadira hakuweza kula chakula cha mchana. Kengele ya kutoka ilipolia, alisikia honi ikipigwa ovyo nje ya geti, na mlinzi akifoka. Alikuwa Mama, nusu ya mwili nje ya dirisha la gari.

“Nimefaulu! Yadira, nimefaulu!”

Yadira alimrukia shingoni. “Maswali ya moyo yalikuja?”

“Yalikuja. Nikaona mkono wa mama yangu, una unga wa tamale. Sikukosa hata moja.”

Siku ya sherehe Yadira alipanda jukwaani na pini ndogo kiganjani. Mama alikuwa amevaa nyeupe tupu. Bibi Chelo, aliyekataa katakata kubaki kwenye kiti, alisimama kando yao.

“Bado unataka niwe mimi?” Yadira alinong’ona.

“Ni wewe. Sikiliza, mwanangu. Kosa langu ukilificha haliondoki. Linanisubiri wodini, na huko atakayeumia ni mgonjwa. Uliponiambia ukweli niliumia, lakini nilikuwa bado nina muda wa kujifunza. Anayekupenda hukuonyesha ulipokosea, na wewe ukionyeshwa, ukubali kuanza upya.”

Yadira alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimlengalenga.

“Haya, mbandike, miguu inaniuma,” Bibi alisema. “Na usimchome.”

“Nikimchoma, nitasema,” alijibu Yadira, akaishika vizuri pini.