Namba Arobaini kwenye Miguu ya Jandira

Mimi naitwa Zulmira. Nauza mikate ya tapioka, yaani ya wanga wa muhogo, mlangoni pa nyumba yangu, juu kabisa ya kilima, mjini Recife, Brazili. Sina subira, na mtaa mzima unalijua hilo. Mteja akichelewa kuchagua nazi au jibini, namchagulia mimi. Alipe aende.

Kilimani kwetu maji ya bomba hayaji kila siku. Yanakuja siku mbili, halafu yanapotea wiki nzima. Kila nyumba ina tangi juu ya paa, na kila mama anajua tangi lake limebaki na ndoo ngapi. Ukiishiwa, maji ya jirani huombi hivi hivi. Watu wamenuniana miaka kwa sababu ya ndoo moja.

Binti yangu Jandira alikuwa aolewe Jumamosi. Basi Alhamisi asubuhi tulipanda juu ya paa, mimi, yeye na dada yangu Neide, tukamwogeshe mwezi. Ndivyo tunavyoita, ingawa tunafanya juani. Unachanganya unga wa blichi wa kung'arishia nywele na haidrojeni peroksaidi, dawa ambayo sisi huiita maji ya oksijeni. Unampaka bibi harusi miguuni, unamkalisha juani, na vinyweleo vyake vinageuka rangi ya dhahabu. Mama yangu alinifanyia mimi, na mimi nilitaka kumfanyia mwanangu.

Dukani nilikuta chupa za namba ishirini zimekwisha. Zilibaki za namba arobaini. Nikajiambia, afadhali, hii itamaliza kazi upesi. Nilinunua bila kusoma hata mstari mmoja.

Tulimpaka Jandira kuanzia magotini hadi vifundoni. Tukamfunga miguu kwa nailoni ili dawa isikauke. Neide akafungulia redio.

Dakika kumi hazijapita, Jandira akasema, "Mama, inawasha."

"Vumilia, bibi harusi."

"Inawasha sana, mama."

Neide akacheka. "Ikiwasha ujue inafanya kazi! Mimi yangu iliwasha mpaka nikaimba."

Tukaendelea kucheka. Ole wangu mimi! Mtoto ananiambia anaumia, na mimi nacheka na Neide juani. Ilipofika nusu saa, Jandira alipiga kelele.

"Naungua! Mama, toa! Toa!"

Nilichana ile nailoni. Ngozi ya mapajani ilikuwa kahawia kama kawaida, lakini kuanzia magotini kushuka chini ilikuwa na mabaka meupe, meupe pe. Pembeni mwa mabaka palikuwa pekundu.

"Dawa ya meno!" Neide alisema. "Mpake dawa ya meno, inapoza!"

Nilikimbilia tangi. Nikalifungua. Ndoo moja na nusu tu. Na maji hayakutarajiwa kabla ya Jumapili. Nilichovya kitambaa, nikaanza kumfuta kidogo kidogo, nikiyabania maji. Jandira alikuwa analia kama mtoto mchanga.

"Nani anaumia huko juu?"

Ilikuwa sauti ya Edileuza, mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Yeye hupita nyumba kwa nyumba na mkoba wake wa bluu, anapima watoto uzito, anauliza wazee kama wamemeza dawa. Siku hiyo alikuwa nyumba ya chini yetu. Alipanda ngazi mbili mbili.

Aliangalia miguu, akaangalia chupa.

"Namba arobaini? Kwenye ngozi? Juani? Bi Zulmira!"

"Nigombeze baadaye, mwanangu. Sasa nifanye nini?"

"Maji. Mengi, ya kutiririka, dakika ishirini nzima. Usifute, mwagia."

"Hayapo! Nina ndoo moja na nusu."

"Mwagia hiyo. Nyingine tutatafuta." Neide alikuwa tayari amefungua kifuniko cha dawa ya meno. "Na wewe, Bi Neide, weka hiyo chini! Dawa ya meno, siagi, unga wa kahawa, vyote vinaziba moto ndani ya ngozi na kuleta uchafu. Maji tu."

Edileuza alivaa glavu kutoka mkobani, akaanza kumwagia. Kisha akasimama ukingoni mwa paa, akaita kwa sauti ambayo sikujua kuwa anayo.

"Jamani! Mtoto wa Zulmira ameungua na dawa! Tunahitaji maji! Yeyote mwenye maji!"

Nilifumba macho. Nilijua majirani zangu. Nilijijua na mimi pia. Mwezi ule ule nilikuwa nimemnyima maji Mzee Genival wa nyumba ya kijani. Alikuja na birika, nikamwambia aende akanunue.

Wa kwanza kupanda ngazi alikuwa Mzee Genival. Ana miaka sabini na mbili na goti bovu. Alibeba ndoo iliyojaa mpaka mdomoni.

"Pisha, mama wee," alisema. "Unazubaa nini?"

Nyuma yake walikuja wengine. Ndoo, sufuria, madumu, hata beseni la kuogeshea mtoto. Walipanga mstari kwenye ngazi, wakapokezana. Hakuna aliyeuliza maji yatarudi lini. Edileuza alimwagia, akatazama saa, akamwagia tena. Mimi nilishika mkono wa Jandira na kulia waziwazi mbele ya watu ambao nimewafokea miaka yote.

Neide, ambaye hawezi kukaa bure, alichukua bakuli la mchanganyiko uliobaki. Akaanza kuumimina kwenye chupa tupu ya soda.

"Acha!" Edileuza alisema. "Unafanya nini?"

"Nauhifadhi. Ni mali ya watu hiyo."

"Mchanganyiko huo bado unatoa hewa. Ukiufungia kwenye chupa, chupa inavimba na kupasuka. Na mtoto akiona chupa ya soda, atakunywa. Uache wazi humo humo kwenye bakuli la plastiki, mbali na watoto. Maji yakirudi utauzimua kwa maji mengi na kuumwaga."

"Na akinywa mtu?" Neide aliuliza, sasa kwa sauti ndogo.

"Usimtapishe. Mkimbize hospitali, na uende na chupa. Ikiingia jichoni, osha kwa maji dakika ishirini, halafu hospitali pia."

Dakika ishirini zilipokwisha, Edileuza alifunika miguu kwa kitambaa safi. Ndipo alipokaa chini, akanipa ile chupa mkononi.

"Soma, Bi Zulmira."

Nilisoma. Maandishi yalikuwa pale pale siku zote: isipakwe kwenye ngozi, vaa glavu.

"Namba ni nguvu ya dawa," alisema. "Namba kumi ina peroksaidi sehemu tatu katika mia. Arobaini ina kumi na mbili. Dawa hii ikipenya kwenye ngozi inatoa viputo vya oksijeni, ndiyo maana ngozi inageuka nyeupe. Kidogo na dhaifu, weupe unaondoka. Kali, na muda mrefu, na nailoni juu, na jua, inaunguza kama moto."

"Lakini inawasha kwa kila mtu."

"Kuwasha ni ngozi inaomba msaada. Ikiwasha, osha hapo hapo. Anayetaka kupaka, anunue ya mwilini, ajaribu tone moja mkononi siku moja kabla, afuate muda ulioandikwa, akae kivulini. Na chupa ibaki na kifuniko chake, mahali pa baridi na giza."

Tulimpeleka Jandira zahanati. Daktari alisema malengelenge yasipasuliwe. Alisema pia, "Nani aliosha? Bila maji yale angebaki na makovu maisha yake yote."

Jumamosi Jandira aliingia kanisani taratibu, bandeji nyeupe chini ya gauni, vinyweleo vya mikononi vyeusi kama Mungu alivyompa. Alitembea kwa miguu yake mwenyewe. Siku hizi, mama akija kununua tapioka na kunitajia harusi, simwachi aondoke mpaka nimweleze habari za namba.

Lakini siku ile kanisani nilikuwa nageuka nyuma, nikiwatazama wageni. Maji yalikuwa hayajarudi. Mtaa mzima ulikuja na nguo za sherehe juu ya miili iliyokuwa haijaoga tangu Alhamisi. Walijimiminia marashi, maskini, lakini wapi! Joto la Recife halidanganywi. Mzee Genival alikaa nyuma yangu, katika suti yake, akinuka jasho la siku tatu.

Niligeuka, nikamkumbatia kwa nguvu mbele ya padri na watu wote.

"Zulmira, nanuka," alininong'oneza.

"Najua," nilimwambia. Na sikumwachia.