Bomba la Pili

Jumanne ile nilikuwa uani napepeta ndengu wakati lori la Mwangangi, tajiri wa mji wetu, lilipopita, limepakia mapipa ya plastiki yaliyofungwa kamba. Maji yalidondoka barabarani kidogo kidogo. Wanawake waliokuwa wakitoka mtoni na mitungi yao mgongoni walisimama wakayatazama yakinywewa na vumbi. Ulikuwa mwaka wa 1984. Mvua ilikuwa imeikataa Mwingi, na mtu alichimba mchanga wa mto mpaka shimo likamfika kichwani ndipo apate kata moja. Mwangangi, yeye, alikuwa ameagiza bahari.

Sisemi kwa chuki. Mungu ametukataza chuki. Dharau pia ametukataza, najua, na kila Ijumaa namwomba msamaha kwa ajili ya mtu huyo mmoja.

Mume wangu, Faki, alikuwa fundi wa bomba. Wazee wake walitoka pwani lakini yeye alizaliwa hapa, na Kikamba chake kilikuwa safi kuliko Kiswahili cha Mwangangi. Alikuwa na kovu la utotoni lililoukata mdomo wa juu. Alikuwa pia na desturi moja ya kazi: hakuunga bomba kabla ya kulipuliza kwa mdomo. "Lisilopitisha pumzi halitapitisha maji," alisema.

Mwangangi alikuwa ametengenezewa tangi la kioo, refu kama kitanda, likaingizwa ukutani kati ya sebule na mahali pa kulia. Humo wangeishi samaki wa rangi wa maji ya chumvi, na wageni wangekaa kwenye makochi wakiwatazama. Siku ya mashauri nilikuwapo, kwa kuwa nilikuwa nimempelekea Faki chakula. Alikuwa amepiga magoti, anachora sakafuni kwa chaki. Maji yakijaa juu, alisema, yanaingia kwenye bomba, yanashuka mpaka tangi la chini lililofichwa kabatini, kisha pampu inayarudisha.

"Lakini nataka mabomba mawili, mzee. Moja la kazi. La pili mdomo wake uwe juu ya maji, likae kavu siku zote. La kwanza likiziba, maji yatapanda, yatashukia la pili, nalo litakoroma. Ukilisikia tu, unajua kuna shida."

"Bomba ya kukaa bure?"

"Bure kama spea ya gari, mzee."

Mwangangi akamgeukia mkewe, Mumbua, akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Unasikia huyu? Nitoe kioo mbali hivyo, nikuje kuitoboa kama chujio! Fundi, weka moja. Hiyo ingine peleka kwako, ukae ukiisikiza."

Basi Faki akalileta nyumbani. Alikuwa ameshalikata na kulipuliza. Akaliegemeza pembeni ya ua, karibu na kuku.

Siku waliyomimina maji, alirudi akinusa viganja vyake. "Halima," aliniambia, "maji yale yananuka marashi."

Alikuwa amemwuliza Mbuvi, dereva wa lori, alikoyateka. Mbuvi akamjibu bila haya. Karibu na pango moja la ufuoni, kwa sababu pale lori lilifika mpaka majini. Mlangoni pa pango kulikuwa na chupa za marashi na vitambaa vyekundu. "Nilivisukuma na kiatu nipitishe ndoo. Maji ni maji, fundi."

Mtoto wa pwani asingetia hata kidole mahali pale, ambapo watu huwawekea wasioonekana sadaka zao. Mimi sadaka hizo siziamini. Ni ushirikina, na nilimwambia Faki hivyo. Lakini kutompenda mbwa wa jirani si ruhusa ya kumkanyaga mkia.

Faki alikwenda kumwomba Mwangangi ayarudishe.

"Maji iko na mwenyewe?" Mwangangi alimwuliza. "Mwenyewe ni mimi."

Jumanne iliyofuata, saa tisa alasiri, jua likiwa kali, nilikuwa natia udhu kwa kikombe kimoja cha maji. Nikasikia mkoromo. Kuku wakatimka. Ulitoka kwenye lile bomba lililoegemezwa pembeni. Halikuwa limeungwa na kitu. Chini yake kulikuwa na vumbi tu.

Faki alitoka ndani. Tukatazamana.

"Limeziba," alinong'ona.

"Lipi?"

Mumbua alikuwa langoni, gauni limelowa mpaka magotini. "Fundi, kuja! Maji imejaa kwa nyumba, na huyu mzee hataki jenereta izimwe, ati samaki itakufa!"

"Usiende," nilimwambia mume wangu.

"Ni kazi yangu, Halima. Mkono ulioweka bomba moja ni wangu."

Akachukua spana, akaenda. Nyuma yake bomba likakoroma tena. Mara moja. Kwa muda mrefu.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Mumbua, na Mumbua si mwongo. Faki aliizima pampu mwenyewe. Akaingiza kichwa kabatini, akafungua bomba upande wa chini. Halikutoa tone. Tangi lilikuwa limejaa juu yake, na halikutoa tone. Akaona uzi mwekundu. Akauvuta. Kikaja kitambaa. Akavuta. Kikazidi kuja. Kilipokwisha, bomba lilikuwa bado kavu.

Akafanya alivyofanya miaka yote. Akaweka mdomo. Akapuliza.

Samaki wote wakageukia upande mmoja.

"Alipuliza," Mumbua aliniambia, sauti ikiwa chini sana. "Halafu bomba ikampuliza yeye."

Nilipofika alikuwa ameketi, mgongo ukutani. Shati kavu. Sakafu, ambayo Mumbua aliiacha imefurika alipokuja kuniita, ilikuwa kavu kama unga. Nikamwinua kichwa. Maji yakamtoka mdomoni. Yakatoka. Yakatoka. Yalinuka marashi.

Mume wangu alizama, Mwingi, mwaka wa ukame, ameketi.

Mwangangi alikuwa amepanda juu ya kochi, viatu mkononi. Akasema ni kifafa. Kisha akauliza kama namjua fundi mwingine. Nilimtazama. Nikarudi kumfuta Faki mdomo. Wiki hiyo alimleta mganga kutoka Nuu, mtu wa manyoya na kelele, ambaye alimimina dawa yake ndani ya tangi na kuwaua samaki wote kabla ya chai. Hiyo ndiyo hekima ya wawili wale. Tangi likavunjwa. Mwangangi akahamia Tawa, na nasikia amenenepa.

Faki tulimzika kesho yake asubuhi. Bomba lake sikulitupa, maana ni kazi ya mikono yake. Nililiingiza chumbani, nyuma ya mlango, mahali pasipofikiwa na mvua wala umande. Ni miaka tisa sasa. Binti yangu Sauda ameolewa, nami naishi peke yangu na ufunguo ni mmoja.

Kila Jumanne, kabla ya sala ya alasiri, nalifuta kwa kitambaa kikavu. Na kila Jumanne nakuta imerudi pale pale, kwenye mdomo wa bomba: alama nyeupe ya chumvi, ya midomo miwili iliyobana kama ya mtu anayepuliza.

Wa juu una mkato.