Kitambaa cha Maua kwenye Kiti cha Nyuma

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Tani Kumi alitoka nje kuliangalia gari lake. Alilizunguka mara moja. Aligonga kila tairi kwa kisigino. Kisha alirudi ndani akitabasamu peke yake.

Jina la Tani Kumi alipewa barabarani. Miaka thelathini aliendesha lori la tani kumi, na alipostaafu, jina likakataa kustaafu naye. Sasa alikuwa na gari dogo, la kwanza kuwa lake mwenyewe. Lilikuwa gari la haibridi. Yaani lina injini ya petroli, na pia lina mota ya umeme yenye betri kubwa. Viwili hivyo husaidiana kuliendesha.

"Hili halinywi mafuta," aliyemuuzia alimwambia. "Linanusa tu!"

Mkewe, fundi cherehani, alifurahi kuliko yeye. Binti yao wa pekee alikuwa amejifungua mapacha katika mji wa mbali. Mpaka siku hiyo waliwaona kwenye simu tu.

"Sasa tutakwenda kila mwezi," Tani Kumi aliahidi. "Safari ya kwanza ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu."

Furaha ilimpeleka mama wa watu kwenye kabati. Chini kabisa alikuwa na kitambaa kizito cha maua mekundu. Alikuwa amekitunza miaka mingi ili ajishonee gauni. Alikitoa, akakikata. Siku tatu cherehani haikupoa. Alipomaliza, viti vyote vya gari vilikuwa vimevaa maua. Kile cha nyuma alikivika mpaka pembeni, akakibana kwa lastiki, usione hata upenyo.

"Bibie, si ungejishonea gauni lako?" mumewe akamuuliza.

"Gauni ningevaa peke yangu. Hapa tunakaa wote."

Tani Kumi naye hakukaa bure. Juu ya paa alifunga keria ya chuma. Ndani ya buti alitia jeki kubwa ya lori, mnyororo, spana za kila namna na madumu mawili ya maji. Dereva wa safari ndefu alizoea hivyo, na mazoea hayamtoki mtu kwa siku moja.

Basi, wiki ya pili haikuisha. Gari likaanza kula mafuta. Si kunusa, kula! Nyuma kulikuwa na feni iliyovuma kama inagombana na mtu. Mara, Jumatano, taa ya onyo ikawaka kwenye dashibodi.

Tani Kumi naye akawaka. "Nimepigwa! Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia! Naliuza kabla ya Jumamosi."

"Na wajukuu?" mkewe akauliza.

"Tutawaona kwenye simu."

Mama wa watu aliweka chini shati alilokuwa akilishona, akaingia chumbani. Tani Kumi alibaki peke yake sebuleni. Angeweza kuvumilia kelele, lakini si ule ukimya.

Asubuhi yake alilipeleka gari kwa fundi umeme wa magari, pale kwenye kona. Fundi huyo alikuwa dada mmoja mwenye ovaroli ya bluu, aliyekulia nyumba ya jirani.

"Shikamoo, mzee wangu. Hujambo?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi sijambo. Gari ndilo lina jambo."

"Twende kidogo, nikuone unavyoliendesha."

Walipofika kwenye mteremko, Tani Kumi akatia gia huru, kama alivyofanya enzi za lori.

"He! Mzee, umefanya nini?"

"Nabana mafuta, mwanangu. Linateremka bure."

"Hata kwa lori ilikuwa hatari, mzee wangu. Na hili likiwa kwenye gia huru, betri haichaji. Liache kwenye gia ya kwenda mbele. Toa mguu kwenye mafuta, kisha kanyaga breki mapema, taratibu. Hapo mota inatengeneza umeme na kuurudisha kwenye betri. Mteremko unakupa umeme wa bure, nawe unaumwaga!"

Tani Kumi alikuna kichwa. Miaka thelathini barabarani, na leo anafundishwa kuteremka.

Waliporudi, fundi alifungua buti. Akaguna. "Unahama, mzee?"

"Vitu vya dharura hivyo."

"Bakisha tairi la akiba na jeki ndogo. Uzito wote huu unalipiwa mafuta. Na keria, kama huna mzigo wa kubeba juu, ishushe. Inapigana na upepo bure." Aliinama kupima matairi. "Upepo nao umepungua. Kisigino hakipimi upepo, mzee. Kipimo chake kimeandikwa hapa kwenye kibandiko, mlango wa dereva."

"Na honi? Nilitaka kufunga ile ya lori."

"Usifunge kifaa chochote cha umeme bila kuuliza. Na waya wa rangi ya machungwa, uangalie kwa macho tu. Una umeme wa kuua mtu."

Kisha alifungua mlango wa nyuma. Akapapasa pembeni mwa kiti, akavuta lastiki. Chini ya maua kulikuwa na kidirisha chenye matundu, kimejaa vumbi na nyuzi.

"Ndiyo hii shida yako. Betri kubwa iko nyuma ya kiti hiki. Inapoozwa na hewa ya humu ndani, na hewa inapita hapa. Mkiziba, betri inapata moto. Ikipata moto, gari linaipumzisha. Kazi yote inabaki kwa injini, na injini inakula petroli." Alikigusa kitambaa, akafuata mshono kwa kidole. "Mishono hii naijua. Ndiyo iliyoshona sare yangu ya shule. Mama utamwambiaje?"

Fundi alisafisha kidirisha na chujio lake. Akaipima betri kwa kompyuta, akaona ni nzima. Taa ya onyo akaizima.

Njiani Tani Kumi alikivua kitambaa cha kiti cha nyuma, akakisokomeza chini ya kiti cha dereva. Alipofika nyumbani aliegesha gari mkia ukutani. Wapi! Mkewe alichungulia dirisha la gari mara moja tu.

"Kiti cha nyuma mbona kiko uchi?"

"Nimekivua... nguo yake ipigwe jua kidogo."

"Jua la chini ya kiti?" Alikivuta kitambaa, kimejikunja vibaya. "Kama hukukipenda, ungesema. Miaka thelathini na mitano ya ndoa, ndiyo kwanza unajifunza kunificha?"

Tani Kumi akanywea. "Nakipenda, mke wangu. Nakipenda kuliko gari lenyewe. Lakini kilikuwa kimeziba hewa ya betri, na sikujua nianzie wapi kukwambia. Halafu makosa yangu mimi ni mengi zaidi." Akamweleza yote, jeki, keria, mpaka gia huru.

Mkewe alisikiliza mpaka mwisho. "Nionyeshe hiyo nafasi."

Mzee akaliwasha gari. Mama akaweka kiganja kwenye kidirisha, akasikia hewa ikivutwa ndani.

"Kumbe! Masikini, nililinyima pumzi." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mlango. "Wewe baba! Ulitaka kuuza gari zima kwa sababu ya lastiki!"

Akaleta chaki, futi na mkasi. Alipima kidirisha, akakata tundu kubwa kukizidi, akalipinda na kulishona mara mbili. Akaongeza kamba za kufungia ili kitambaa kisiteleze. Kipande alichokikata alikiunga na mabaki, akashona bibu mbili za watoto.

Jumamosi walisafiri. Buti ilikuwa nyepesi, paa tupu, upepo umepimwa. Kwenye miteremko Tani Kumi aliachia mafuta mapema, akaitazama betri ikijaa kwenye dashibodi, akapiga mluzi. Walipofika, mshale wa mafuta ulikuwa bado juu ya nusu. Binti yao alitoka mbio, pacha kila mkono. Bibi alimpokea mmoja, babu mwingine, na hakuna aliyekumbuka kusalimia.

Wakati wa kurudi, Tani Kumi alisimamisha gari ghafla mbele ya duka la vitambaa.

"Kuna nini tena? Taa imewaka?" mkewe akashtuka.

"Hakuna taa. Shuka uchague."

"Nichague nini, na viti vimeshavaa?"

"Ndiyo. Viti vimeshavaa," alisema, akimfungulia mlango. "Sasa ni zamu yako."