Nyama Aliyoionja Zamfira

Kila mwaka kabla ya Krismasi, kijijini kwetu tunachinja nguruwe. Nyama ya soseji ikishasagwa na kutiwa kitunguu saumu, mtu mmoja huionja mbichi ajue chumvi. Kwa jirani yangu Petrache, mwonjaji alikuwa mama yake, Zamfira. Ulimi wake haukukosea hata siku moja.

"Chumvi bado!" alisema mwaka ule, akitafuna. "Mnaibania ya nini? Mnamwekea nani?"

Tukacheka. Nyama ikaongezwa chumvi, akaonja tena.

Kesho yake akaanza kuharisha. Ikaja damu, na homa kali. Petrache na mkewe Saveta wakamkimbiza hospitali. Akapewa dawa, lakini homa haikushuka.

Daktari Ilinca akawaita kando.

"Tumepima choo cha mama. Ana vijidudu sugu. Dawa tuliyompa haiviui. Mmesema alionja nyama mbichi. Nguruwe huyo mlimpa dawa?"

Petrache akainama. "Antibiotiki. Nilimtilia kidogo kidogo kwenye pumba tangu tuvune viazi."

"Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Ili asiugue tu. Mbona wote tunafanya hivyo?"

"Ndiyo shida yenyewe, Bwana Petrache. Dawa kidogo iliua vijidudu dhaifu. Vile vikali vikabaki, vikazaana. Mama akavila kwenye nyama mbichi. Moto ungeviua."

"Kwa hiyo nimemuua mama yangu?"

"Hajafa. Ipo dawa nyingine, tunaanza sasa hivi. Ila tumechelewa."

Jamani, tulichelewa kweli. Krismasi ilitukuta makaburini, tunachimba udongo ulioganda kwa baridi. Petrache hakulia. Heri angelia.

Mwaka uliofuata alifuga tena. Banda alilisafisha kila asubuhi. Kwenye pumba hakutia dawa. Nguruwe alipokohoa, hakujifanya mganga, alimwita daktari wa mifugo. Akapewa dawa yake kamili, akapona.

Siku ya kuchinja, Saveta alimega kipande cha nyama iliyosagwa, akakikaanga mpaka kikaiva kabisa. Akanawa mikono kwa sabuni, ndipo akaonja. Sote tulikuwa tunamtazama.

"Sijui," akasema. "Nadhani imekolea."

Haikukolea. Soseji zilikuwa chapwa. Tulizila zote, hakuna aliyeugua, na hakuna aliyemwambia Saveta.